Wageni Wanaopotea Ijumaa Mchana

Jumatano, mwezi wa tano, 1999. Ukunda.

Mvua imeanza alfajiri na hadi sasa, saa tisa alasiri, haijaamua kuacha. Nimechoka hoi. Si uchovu wa kazi, maana kazi yenyewe iko wapi? Ni uchovu wa kufurahi bure kwa wiki tano nzima.

Ninaandika hapa kwa sababu Bi Verena, yule mama wa Uswisi anayetutunzia tovuti yetu, alinipa kona hii akasema niandike nipendavyo. Sidhani kuna anayeisoma. Yeye mwenyewe Kiswahili chake kinaishia kwenye jambo na asante. Basi nitasema kweli tupu, hakuna wa kunicheka.

Kwa atakayepotea njia akafika hapa: sisi ni watu watatu tuliofanya kazi hoteli moja hapa Diani mpaka ilipofungwa mwaka jana. Mimi Ndinda nilikuwa mapokezi. Mzee Bakari alikuwa mpishi. Halima alikuwa wa vyumba, na yeyote aliyelala kwenye shuka alizozitandika Halima hakulala vibaya. Watalii walipokatika tukakabidhiwa barua zetu, tukapeana mikono getini, na wiki ile ile tukaanza biashara yetu wenyewe: vyumba vitatu kwa akina Halima huko Mwabungo, chakula cha Mzee Bakari, na safari ya kwenda Shimoni kwa atakaye. Bi Verena, ambaye alikuwa mgeni wetu kila Desemba, akasema siku hizi Wazungu wanatafuta mahali pa kulala kwenye kompyuta. Akatutengenezea kurasa. Chini ya ukurasa wa kwanza akaweka kaunta, ile namba inayopanda kila mtu anapoufungua.

Yarabi, kaunta ile. Mimi si Mwislamu, ni Mkamba wa Kitui na Jumapili nakwenda kanisani, lakini miaka kumi na minne Ukunda imeniachia maneno.

Miezi miwili ya kwanza namba ilikuwa ikijikokota. Wawili leo, watatu kesho, na nusu yao ni mimi mwenyewe. Kila Jumanne na Alhamisi nilikuwa nakwenda biro ya kompyuta, ile ofisi ya kulipia mtandao karibu na posta, naufungua ukurasa wetu, naiangalia namba, nauondoa, naufungua tena. Nikiwa na huzuni nilifungua mara tano. Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Kisha ikaja barua kutoka hoteli moja ya Naivasha. Nafasi ya mapokezi, na chumba cha kuishi bure, wanangoja jibu langu hadi mwisho wa mwezi huu. Nililala nayo chini ya mto siku mbili. Binti yangu yuko darasa la nane na mtihani ni Novemba. Kumhamisha sasa ni kumvunja miguu. Lakini mtoto hali hewa. Jumatatu iliyofuata nikawaambia Mzee Bakari na Halima kwamba nimeitwa, na kwamba kama mambo hayatabadilika nitakwenda. Mzee alikuwa akikanda unga. Hakuinua macho. Alisema tu, "Haya, mwanangu. Riziki haina makwao."

Na mambo yakabadilika!

Alhamisi ya wiki ile niliifungua kaunta nikasugua macho. Wageni hamsini na ushei kwa siku tatu. Wiki iliyofuata zaidi ya mia. Nilitoka pale biro nikitembea peke yangu huku natabasamu, watu wa stendi wakanidhani nimepata mchumba. Kaunta zetu zilikuwa mbili, moja ya ukurasa wa mbele na moja ya ukurasa wa vyumba, na ile ya vyumba ilikuwa inapanda kama maziwa jikoni. Nikasema basi watu wanataka vyumba, vitatu havitatosha. Nikamwambia kaka yake Halima tuchimbe msingi wa chumba cha nne. Nilishika jembe mwenyewe, mikono ikatoka malengelenge, na Halima alituletea maji ya ndimu akiimba.

Jumamosi iliyopita namba ikapita mia sita. Jioni hiyo hiyo nikaiandika barua ya kuikataa Naivasha. Kwa adabu zote, kwa mwandiko wangu wa mapokezi.

Ila sikuitia posta, maana kitu kimoja kilinikera. Watu mia sita, na hakuna hata mmoja aliyetuandikia. Hata wa kuuliza kama kuna mbu. Nilikaa mapokezi miaka kumi na mmoja. Najua katika wageni kumi watatu watauliza habari za mbu. Nikamwandikia Bi Verena barua pepe: hebu niambie, hawa ni akina nani?

Akaniletea orodha nzima. Mashine inayotunza kurasa zetu, kumbe, inaandika kila kitu kama mlinzi wa getini: siku, saa, nchi, ukurasa uliofunguliwa, na mtu alitokea wapi. Jana biro walinichapishia, karatasi kumi na nne. Nimezisoma jana mchana na asubuhi ya leo, nikiwa na kalamu nyekundu, mezani kwangu, ndoo chini ya paa linapovuja.

Mashine yenyewe iko Uswisi, saa za huko zimepungua moja kwa zetu, nikawa naongeza. Wageni wanaanza saa mbili asubuhi. Wanapumzika saa saba. Wanarudi saa nane, wanamalizika saa kumi na moja. Jumapili hakuna hata mmoja. Nikasema, Wazungu nao wana utaratibu. Nikaendelea. Nikafika Ijumaa. Ijumaa saa sita mpaka saa nane, kimya. Ijumaa iliyofuata, saa sita mpaka saa nane, kimya. Ijumaa zote tano.

Mjerumani gani anazima kompyuta yake kwa swala ya Ijumaa?

Nikapeleka kidole kwenye safu ya nchi, ile niliyokuwa nimeiruka kwa sababu nilidhani naijua. Kenya. Kenya. Kenya. Karatasi kumi na nne, karibu zote Kenya. Biro ya Ukunda inafungwa Ijumaa saa sita, mwenye biro aende msikitini.

Nilijifunga leso kichwani nikaenda kwenye mvua. Msichana wa pale biro, Wanjiru, aliponiona na zile karatasi alijua. "Aki madam, pole. Ni hao watu wako wawili wanakujanga kila siku. Mzee asubuhi, mama mchana. Wanafungua, wanafungua tena. Mzee alisema ni siri ya biashara yenu, na ananiletea mahamri."

Mahamri! Wanjiru kala mahamri ya wiki tano, na mimi nimechimba msingi.

Nilijua mara moja walikoipata akili hiyo, na hapo ndipo nilipoona haya. Waliipata kwangu. Kule hotelini, miezi ya masika kama huu, gari la mawakala wa utalii likionekana kule chini linakuja kukagua, mimi ndiye niliyekuwa nashika simu kupiga jikoni: vueni yunifomu, shukeni. Wapishi na watu wa vyumba walikuja wakakaa mgahawani kama wageni, glasi za juisi mbele yao, ili pasionekane pamekufa. Mzee Bakari alivaa kaptura na kofia ya majani. Halima alikataa katakata kuvua buibui, tukawa tunamkalisha pembeni kabisa, atazame bustani. Miaka kumi na mmoja niliwapanga kwenye viti vile. Leo nimekuwa wakala mimi, nikaonyeshwa mgahawa uliojaa.

Niliwakuta wote wawili Mwabungo, barazani, wanachambua mchele. Hata shikamoo sikumpa mzee wa watu. Nilitupa karatasi mkekani nikasema, "Mmenivisha kilemba cha ukoka, na mimi nikakivaa nikatembea nacho mjini!"

Nikasema mengi. Nikasema wangeniachia hata sufuri yangu, ni sufuri ya kweli. Nikasema, "Na wewe Halima, shoga yangu, uliniona nachimba. Uliniletea maji ya ndimu. Kwa nini hukunizuia?"

Halima alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa leso. Akasema, "Ulipoanza kuchimba tulijua umeamua kubaki."

Mzee Bakari aliokota karatasi moja moja, akazikung'uta maji, akazipanga magotini. Akasema mwanzo, baada ya ile Jumatatu ya unga, walitaka tu pasionekane patupu, siku moja mbili, maana nani anaingia mahali patupu. Lakini waliona kila namba ikipanda na uso wangu unapanda. "Tukashindwa kuacha," alisema. "Tungeacha ungeona namba imesimama, ukaenda zako. Si vizuri, najua. Tusamehe, Bi Ndinda."

Nililia. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha siku tatu na ikaniishia pale pale, barazani pa watu, na makamasi juu.

Nimerudi nyumbani nikazichukua tena karatasi, maana nikikaa bure nitaumwa. Nimekata kwa kalamu nyekundu kila palipoandikwa Kenya. Nimejikata na mimi mwenyewe, Jumanne na Alhamisi zangu zote. Ni kazi ya kuvunja moyo hiyo, kujifuta. Nilipomaliza nilihesabu waliobaki.

Ishirini na watatu. Miezi mitatu na ushei, watu ishirini na watatu.

Nikawasoma mmoja mmoja, kama nilivyokuwa nasoma kitabu cha mapokezi kabla ya gari la uwanja wa ndege kufika. Uswisi, Ujerumani, Uswisi, Uingereza. Saba walikatia njiani kwenye ukurasa wa mbele. Kuna picha kubwa ya ufuo pale niliyomlazimisha Bi Verena kuiweka, naye aliniambia ni nzito, inachukua dakika nzima kushuka. Hawakuingoja. Wangengoja nini, bahari wanaijua.

Lakini kumi na sita walipita. Na kati ya hao kumi na sita, ni mmoja tu aliyefungua vyumba.

Kumi na watano walikwenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho kabisa, ule wa picha zetu na majina yetu. Niliuweka kwa kujaza tu. Orodha inaonyesha walitokea wapi: waliandika jina la hoteli yetu ya zamani kwenye mashine ya kutafutia, ikawaleta kwetu. Mmoja wa Uswisi ameufungua siku nne tofauti. Si Bi Verena, aliniambia tangu mwanzo kwamba mashine haiandiki kuingia kwake.

Watu hawa hawatafuti kitanda. Wanataka kujua tuko wapi. Wanamtafuta yule mzee aliyewapikia wali wa nazi, wanamtafuta Halima, labda na mimi pia. Wanafika, wanatuona tuko hai, na pale chini ya picha hakuna anwani, hakuna mahali pa kuandika hata salamu. Anwani niliiweka kwenye ukurasa wa vyumba, kwa sababu mimi kwa akili yangu nilidhani mgeni huanza na chumba. Mapokezi miaka kumi na mmoja, na nimewafungia mlango watu waliokuja kunijulia hali.

Nimemwandikia Bi Verena karatasi ya maagizo, nitaichapa kesho biro pamoja na maandishi haya. Picha ya ufuo iondoke. Sura zetu zije mbele, ndogo, zishuke upesi. Chini ya kila sura kuwe na mahali pa kumwandikia mwenye sura. Kaunta aifiche, ripoti aniletee mwenyewe kila mwezi. Mzee Bakari na Halima nimewakataza kuufungua ukurasa wetu, na mimi nimejikataza pia, ingawa najua Jumanne mkono utaniwasha. Ule msingi wa chumba cha nne ubaki ulivyo, umeshajaa maji, bata wa akina Halima wanaogelea humo.

Binti yangu amerudi kutoka shule amelowa. Ameniuliza kama tunahama au hatuhami, maana mwalimu anataka majina ya watahiniwa. Nimemwambia anipe muda nimalize kuandika.

Basi nijibu. Ishirini na watatu si biashara. Mtu mwenye akili timamu angeichana ile barua ya Jumamosi na kuandika nyingine ya kusema naja. Nimeitoa, nimeisoma tena. Niliiandika nikiamini watu mia sita, na kila neno lake lina majivuno ya mia sita. Nimeikunja nikaiweka kando, nikaandika mpya, fupi, nikiwafikiria kumi na watano wanaotutafuta na wale wawili wa barazani: nashukuru sana, sitaweza kuja.

Naogopa. Hii ndiyo nitakayoitia posta kesho, mvua ikiwepo isiwepo.