Zafarani Kwenye Sahani ya Hajati

Kisugu, Kampala
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakushika miguu kutoka huku mbali, na ninaomba barua hii ikukute umekaa barazani na nguvu zako, si kitandani. Goti linaendeleaje? Yale mafuta ya mkaratusi niliyompa dereva yalifika, au alijipaka mwenyewe njiani? Na Kaka atakohoa mpaka lini? Mwambie aache sigara, mimi nimechoka kumwambia. Huku miili yetu mizima. Salma ameng'oka jino la mbele, basi anatembea amefunga mdomo kama bibi harusi, na ukimchekesha anakukasirikia siku nzima.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako anaipokea Kaka, na akishaiweka sauti ya juu Pangani nzima inasikia. Hapa nako nikizungumza chumbani, sebuleni wanafuata neno kwa neno. Lakini madereva wa malori wanaotoka huku kuja Tanga wana midomo, Mama, na wanafanya kazi pamoja na mume wangu. Watakuletea habari kwamba mwanao amemloga mama mkwe wake. Nataka uisikie kwangu kwanza. Sikumloga mtu. Nilimfanyia kombe.

Nilikusimulia zamani habari za Hajati Zamzam, mama yake mume wangu Ramadhani, na vyombo vyake, ukacheka ukadhani naongeza chumvi. Wallahi siongezi. Babu yake alikuwa askari wa Mwingereza, katika wale Wanubi waliotoka Sudani, na mkubwa wake alipokuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia birika la chai lenye maua ya waridi. Birika hilo ndilo lililomtia Hajati wazimu. Tangu usichana wake anakusanya vyombo vya Kiingereza vya zamani: sahani zenye picha za buluu za madaraja na miti, mabakuli ya supu yenye vifuniko, vikombe vyembamba ambavyo ukiviinua dirishani unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Vingine kavitoa minadani, vingine soko la Owino chini ya marundo ya mitumba, na sahani moja kubwa aliikuta Kyebando kuku wanaitumia kunywea maji. Akampa mwenye kuku sufuria jipya, akaondoka na sahani ameikumbatia, na yule mwenye kuku akabaki anamhurumia.

Akikaribishwa chakula, kabla ya bismillahi anageuza sahani aone muhuri wa kiwanda chini. Hata msibani! Tulikwenda kuhani Bugolobi, wakatuletea pilau, naye akainua sahani yake juu ya kichwa aichungulie kwa chini, mchuzi ukamtiririkia kwenye shali. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Yeye ananinong'oneza kwa Kiswahili chao cha huku, "Hapana ya zamani. Hii iko ya juzi tu."

Alinipenda, Mama, lazima niseme. Mimi peke yangu ndiye niliyeruhusiwa kuvipangusa vile vyombo. Alinifundisha kuvigonga kwa ukucha nisikilize: kauri inalia kama kengele, ya udongo inajibu kwa sauti nzito. "Sikia," ananiambia, "hii naimba, hii nakohoa." Wifi yangu Zubeda, ambaye ni bintiye wa kumzaa na ana duka lake la vitambaa, haruhusiwi hata kufungua kabati. Unaona mambo yalikotokea.

Basi baada ya mfungo Hajati alianguka uani. Upande wa kushoto ukalegea, mdomo ukapinda, maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Hospitali wakamweka, wakamrudisha na vidonge na maagizo ya kumnyoosha mkono kila siku. Nikawa mimi namwosha, mimi namlisha uji, mimi namnyoosha huo mkono huku ananitukana kwa Kinubi. Sikunung'unika, maana ni mama yangu wa pili. Lakini nilikuwa namwona anavyolitazama kabati lake kutoka kitandani, hawezi kulifikia, na moyo uliniuma kweli.

Ndipo nikamkumbuka marehemu Baba. Watu wangapi walikuja kwetu wakitaka kombe, naye akawaandikia aya kwa zafarani na marashi kwenye sahani nyeupe, akaiacha ikauke, kisha akaiosha kwa maji safi na mgonjwa akanywa? Na mimi si ndiye niliyekuwa namshikia kalamu? Nikasema vidonge atameza, na kombe atakunywa, kimoja hakimzuii mwenzake. Ramadhani alikuwa safari. Zafarani ninayo, marashi ninayo, mkono wangu unaandika vizuri. Kilichokosekana ni sahani. Sahani zetu za kulia zote zina maua, na wewe unajua Baba hakuwa anaandika juu ya maua. Nikafungua kabati. Humo kulikuwa na sahani moja tu isiyo na picha, nyeupe ya rangi ya maziwa, ukingo wake una mikunjo midogo. Nikasema hii hapa, Mungu kaniwekea.

Nikaandika Ayatul Kursiyu kwa kuizungusha, ikajaa sahani nzima. Nikaiacha ikauke mpaka asubuhi kama alivyokuwa akifanya Baba, nikaiosha, Hajati akanywa mpaka tone la mwisho. Maji yalitoka ya manjano, mazuri. Lakini sahani niliposuuza, maandishi yalikuwa bado yapo! Nikasuuza tena. Nikasugua kwa kidole, kisha kwa kitambaa. Herufi zimekaa, Mama, zimefifia kidogo tu, unaisoma aya yote tangu mwanzo hadi mwisho. Kwetu sijawahi kuona kombe lisilofutika. Nikaifunika kwa taulo, nikaiweka nyuma ya ndoo jikoni nikifikiri nitamuuliza Hajati akipata nafuu.

Nafuu haikuja. Jioni ileile presha ilimpanda, wakambeba tena hospitali. Zubeda akabaki jikoni kuchemsha maji ya chupa, akahamisha ndoo, akaikuta. Kelele alizopiga! Majirani waliingia wakidhani moto. Wanubi nao aya wanaosha na kunywa, lakini wao wanaandika kwenye loho, ule ubao wa chuoni. Sahani hawajui. Na zaidi ya hapo kuna maandishi ambayo hayatoki, yamefichwa na mwanamke wa pwani, na mgonjwa kazidiwa siku hiyohiyo. Zubeda akasema, "Banange, huyu amemfunga mama humu ndani! Ndiyo maana haitoki!" Nikaeleza mpaka koo likakauka. Ni aya ya Mungu, si wanaisoma? Wakasema wachawi wa pwani nao wanatumia aya, wanazisoma kinyume. Sijui nani kawafundisha upuuzi huo.

Ramadhani aliporudi safari walikwishamjaza maneno. Mimi nilimngoja mlangoni nikijua yeye ananifahamu, tumelala kitanda kimoja miaka yote hii. Hakunitazama usoni. Aliniambia nifungashe niende kwetu Pangani nikapumzike mpaka mama yake apone. Nikamuuliza, "Na Salma?" Akasema Salma abaki, ana shule. Nikamwambia shule ipo hata Pangani. Akasema, "Salma atabaki, Mwanahawa," halafu akaenda kuosha lori.

Mama, nilikaa chini palepale. Nimesikia mabaya mengi kinywani mwa Zubeda, hayakuniangusha. Hilo la mtoto liliniangusha.

Nikafungasha. Nilikuwa nimekwisha kufunga zipu ya begi waliporudi na Hajati. Kumbe presha ilipanda kwa sababu alikuwa anaficha vidonge chini ya mto, daktari mwenyewe kawaambia. Lakini Zubeda hakuridhika. Ndugu wakaitwa sebuleni, Hajati akaegemezwa kwenye mito, na Zubeda akaileta ile sahani ndani ya kavera jeusi, ndiyo mifuko ya plastiki ya huku, ameinyooshea mkono mbali na mwili kama amebeba panya.

Hajati akasema, polepole, mdomo bado umepinda, "Nani nafunga chombo yangu kwa kavera?" Akaitoa kwa mkono wake mzima, akaigeuza kwanza, kisha akaitazama ndani. Alitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Wewe naandika?" Nikasema ndiyo mama, ni kombe. "Na unaacha wino nalala ndani?" Nikasema ndiyo. Akafumba macho. "Hii sahani iko na nyufa, ndogo ndogo, kama ya utando wa buibui. Iko mzee kushinda hii nyumba. Wewe naweka chai, yeye nakunywa chai. Wewe naweka wino, yeye nakunywa wino. Wewe mutu ya pwani, macho yako iko wapi?"

Akamwagiza Ramadhani alete kikombe chenye ua jekundu kutoka kabatini. Ndani kimejaa vistari vya rangi ya kahawia, na hata kikioshwa namna gani havitoki. Akamwonyesha Zubeda. "Na hii? Hii nani naloga? Majani ya chai?" Mzee mmoja akaanza kucheka, wengine wakafuata, na Zubeda akainuka akasema anakwenda kuangalia jiko, wakati jiko lilikuwa limezimwa.

Ungedhani nami nilicheka. Nilikuwa namtazama Hajati. Alikuwa analia, Mama, analia kwa upande mmoja wa uso. Akasema sahani ile ilikuwa moja tu, ametafuta ndugu ya sahani hiyo maisha yake yote hajampata. Nikapiga magoti nikamwomba radhi. Akanitazama akasema, "Mimi nasamehe wewe. Lakini wacha mimi nakasirika kwanza." Na kweli amekasirika. Namlisha, anameza. Namnyoosha mkono, hata kunitukana hataki. Lakini namwelewa, na najua siku moja itamtoka, maana ana haki ya hasira yake na ameisema mbele yangu.

Kinachoniuma ni mwanawe. Wageni walipoondoka alikuja chumbani akitabasamu, akasema, "Haya, yameisha. Toa nguo zako." Yameisha! Kama mtu aliyekukanyaga mguu sokoni. Sikuzitoa. Jana kaniuliza mbona begi bado lipo mlangoni. Nikamwambia, "Niulize kwanza." Akasema, "Nikuulize nini?" Nikamwambia lile ambalo hakuniuliza alipotoka safari, kama nilifanya au sikufanya, kabla hajanitenga na mwanangu. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Nikaenda kumpa Hajati uji, nikaosha bakuli, nikarudi, nikamkuta amekaa vilevile, anatazama mikono yake. Hajauliza mpaka sasa hivi ninapoandika.

Sitaki uniambie nivumilie, Mama. Kuvumilia nakujua. Na usimtume Mjomba kuja kusuluhisha, maana hakuna la kusuluhisha isipokuwa swali moja. Akiuliza, nitamjibu na nitatoa nguo begini. Asipouliza mpaka Hajati aweze kusimama mwenyewe, utatuona wawili mlangoni pako, mimi na Salma. Tandika kitanda cha Baba.

Nisalimie Kaka na mkewe, na umwambie huyo mkewe kanga zake nimezipata. Msalimie Mjomba anayetusimamia shamba la minazi, Shangazi aliyenilea ulipokuwa unaumwa, na Bi Mkubwa jirani yetu anayekusomea barua hizi. Na wewe Bi Mkubwa, nakuomba, hii isome mlango umefungwa.

Mwanao asiyekuficha kitu,
Mwanahawa