Nyota Moja kwa Pawa Saplai

Jumatano, 7 Mei

Nimepuliza vumbi kwenye feni asubuhi. Mashine inaguna. Pawa saplai yake, kile kisanduku cha kuipa umeme, niliinunua ikiwa mtumba mwaka niliostaafu, na sasa inalia kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Nikamaliza kupiga chapa mtihani wa shule ya jirani. Kisha nikafungua barua pepe.

Nimechaguliwa.

Niandike vizuri ili kesho nikisoma niamini. Duka la kompyuta la Nairobi, ninakoagiza vifaa, limeanzisha mpango wa tathmini. Wanachagua wateja wachache na kuwatumia vifaa bure. Mteja anakijaribu kifaa, anaandika maoni yake kwenye tovuti yao, kifaa kinabaki kwake. Wamesoma kila nilichowahi kuwaandikia: kuhusu kipanya, kuhusu kibodi iliyopoteza herufi M wiki ya pili. Wengine huandika mistari miwili ya Kiingereza. Mimi huandika Kiswahili, aya nne. Msimamizi wa mpango, Bi. Njeri, anasema wateja huzisoma hadi mwisho.

Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba amenisoma hadi mwisho.

Nimejibu ndiyo kabla chai haijapoa.

Ijumaa, 9 Mei

Kifaa cha kwanza ni cha majaribio. Tathmini ikifaa, nabaki kwenye mpango. Isipofaa, basi. Sharti lao kubwa ni ukweli. Hapo sina wasiwasi.

Nimemwambia mke wangu. Mama Achieng' aliuliza kama watatuma sufuria pia. Nikamweleza ni vifaa vya ndani ya kompyuta. Akarudi kuchambua mchele.

Nimempigia binti yetu, Achieng', huko Homa Bay. Alifurahi kwa dhati. Akasema atamwambia Chacha. Nikasema sawa.

Chacha ni mumewe. Mkuria, fundi wa umeme. Alileta ng'ombe wote wa mahari bila kusukumwa, anamtunza mtoto wetu, halewi. Sina neno baya juu yake. Sina neno zuri pia. Nilimtakia binti yangu mwalimu. Majirani humwita orwa, mkwe wetu, na kumkaribisha kwa kelele. Mimi humpa mkono na kuuliza hali ya mvua. Kidholuo chake ni cha salamu tu, kwa hivyo tunatumia Kiswahili, na hata hicho tunakitumia kwa uchache.

Jumatano, 14 Mei

Hakuna kitu. Nimepita ofisi ya mizigo hapo steji mara mbili. Mara ya pili nilijifanya nanunua ndizi. Yule msichana wa mizigo amenitambua, akatikisa kichwa nikiwa bado ng'ambo ya barabara.

Naona aibu kidogo. Mzee wa rika langu kungoja kifurushi kama mtoto anayengoja viatu vya shule. Lakini nangoja.

Ijumaa, 16 Mei

Kimefika! Saa kumi jioni. Sanduku lenye jina langu lililopigwa chapa, si la kuandikwa kwa kalamu. Ni pawa saplai. Kati ya vitu vyote duniani, wamenitumia kile ninachokihitaji zaidi.

Na leo ni Ijumaa. Jua likizama Sabato inaingia. Niliangalia saa, nikaangalia sanduku. Kuifunga vizuri ni kazi ya saa mbili. Mama Achieng' alikuwa anafagia sebule kwa ajili ya Sabato, akasimama na ufagio wake. Alijua ninachohesabu kichwani.

Nimeliweka sanduku juu ya kabati. Nimelifunika kitambaa.

Jumamosi, 17 Mei

Kanisani mhubiri alizungumzia subira. Sikumbuki mengine.

Jua lilipozama nililishusha. Harufu ya kifaa kipya. Nyaya zimevalishwa nguo nyeusi ya kufumwa, laini kama kamba za viatu vya bei. Kizito mkononi, si kama kile cha zamani chepesi kama kopo. Nimeisoma karatasi ya maelezo yote. Nitakifunga kesho asubuhi nikiwa na nuru ya dirisha.

Jumapili, 18 Mei

Nimefunga. Bisibisi, skrubu nne, nyaya kila moja mahali pake. Nikawasha. Kimya. Kimya kabisa, hadi nikainama kuhakikisha feni inazunguka. Ule mlio wa nzi umekwisha. Nilicheka peke yangu.

Kisha nikashika kava ya chuma ili nifunge upande wa mashine.

Ikaniuma. Si kurushwa na stima. Ni kama sisimizi wengi kwa pamoja, wakitembea kwenye vidole. Nikaondoa mkono, nikashika tena. Vilevile. Nikazima, nikarudisha pawa saplai ya zamani. Hakuna kitu. Nikarudisha mpya. Sisimizi.

Nilikaa chini. Nimevunjika moyo kuliko ninavyotaka kukubali. Zawadi nzuri, na ndani yake kuna ubovu.

Lakini waliomba ukweli. Nimeandika aya tano. Nimesifu ukimya, nimesifu nyaya, kisha nimesema wazi kwamba kifaa hiki kinavujisha umeme kwenye kava na hakifai kuingizwa katika nyumba yenye watu. Nyota moja. Nimetuma saa nane mchana.

Najisikia mtu safi. Na mwenye huzuni.

Jumanne, 20 Mei

Bi. Njeri amepiga simu. Sauti ya kijana, ya adabu. Alinishukuru. Kisha akaniomba, kabla hawajaichapisha tathmini, nijaribu kifaa kwenye soketi nyingine, ikiwezekana nyumba nyingine. Akaniuliza kama nyumba yangu ina athi. Nikamwambia nyumba yangu ina stima tangu kabla hajazaliwa. Akasema atasubiri hadi Ijumaa.

Nimekasirika. Wananiomba ukweli, nikiwapa, wananikagua kama mwanafunzi anayeshukiwa kuiba mtihani. Nimezunguka boma mara kadhaa. Nimeandika barua ya kujitoa kwenye mpango. Sijaituma.

Mama Achieng' ameniuliza athi ni nini. Nikasema ni mambo ya mafundi. Akasema, "Basi si tuna fundi?"

Nikatoka kumpa ng'ombe maji.

Jumatano, 21 Mei

Nimekwenda Homa Bay. Nimeibeba mashine yote kwenye begi la nguo, nimeipakata njia nzima. Achieng' nilimwambia nimekuja kumsalimu. Aliliangalia begi, akaniwekea chai.

Niliiwasha mezani kwake. Nikashika kava. Hakuna kitu. Nikashika kwa kiganja kizima, nikavua viatu, nikashika tena nikiwa nimekanyaga sakafu. Hakuna hata sisimizi mmoja.

Nilikuwa bado nimeinama hivyo, bila viatu, Chacha akaingia kutoka kazini. Sijui alifikiri nini. Alisalimu, akanawa mikono, akakaa mbali kidogo kama mkwe anavyokaa. Hakuniuliza. Ilibidi nimweleze mimi. Nilimweleza yote, hata nyota moja.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, hii pawa saplai iko sawa. Naona shida iko kwa nyumba."

Nikamwambia hata ile ya zamani ilikuwa kwenye nyumba hiyo hiyo na haikuuma.

Akasema zile za bei rahisi huwa hazina kichujio ndani. Hii nzuri inayo. Inachuja uchafu wa umeme na kuutupa kwenye waya wa athi, ule wa tatu unaoshuka ardhini. Waya huo ukiwa umekatika, uchafu haupati pa kwenda. Unabaki kwenye kava.

Ninajua kufunga skrubu. Hilo sikulijua.

Halafu akauliza, polepole, akiangalia kikombe chake, kama kuna kitu kingine pale nyumbani kinachouma watu ukikigusa.

Nikasema hapana.

Achieng' alikuwa mlangoni. Alisema, "Baba, friji. Mama hulalamika kila nikipiga simu."

Ni kweli. Mama Achieng' ameniambia tangu Januari kwamba friji inamuuma. Mimi nikamwambia ni baridi ya chuma. Nilicheka hata.

Nimempigia palepale asiiguse friji. Akauliza chakula kitaharibika au la. Nikasema kiharibike.

Chacha amesema atakuja kesho. Alikuwa na kazi ya mtu. Ameiahirisha.

Alhamisi, 22 Mei

Amefika mapema na begi lake la vifaa. Mama Achieng' alitaka kumwandalia kama mkwe, kuku na yote, lakini Chacha akasema kwanza atazame stima. Akavua koti. Mkwe, magoti sakafuni nyuma ya kabati langu, na mimi nimemshikia tochi. Kwa desturi zetu hilo si jambo la kawaida. Leo hakuna aliyejali.

Alipima soketi zote. Waya wa athi upo ukutani, lakini haufiki popote. Alipima friji. Alichosoma kwenye kipimo hakukisema kwa sauti, alizima swichi kuu tu. Tulipokuwa nje alinieleza. Waya wa ndani ya friji umechubuka na kugusa chuma cha nje. Kava ya kompyuta ilikuwa inasisimua tu, lakini friji ilikuwa hatari ya kweli. Kama athi ingekuwepo, fyuzi ingeungua siku ya kwanza na tungejua. Mama Achieng' amepona kwa sababu huvaa malapa jikoni. Siku moja ya sakafu yenye maji ingetosha.

Niliingia jikoni kuangalia kama sakafu ni kavu.

Alifuata waya ukutani hadi nje, nyuma ya jikoni. Ulikuwa umekatika karibu na ardhi, unaning'inia kama mzizi. Fimbo ya chuma iliyopaswa kuwa ardhini haikuwepo. Shimo dogo tu, maji ya mvua yamelichimba. Tukatafuta. Mama Achieng' akatoka kuona tunachokitafuta. Chacha akamweleza: chuma chembamba, rangi kama ya shaba, urefu hivi.

Akaonyesha kwa kidole kule malishoni.

Ng'ombe wetu amefungwa kwenye chuma hicho.

Anasema aliikuta fimbo hiyo imejitokeza mvua za mwaka jana, imelegea, akaona ni chuma kizuri kinapotea bure. Fundi wa zamani alikuwa ameweka kipande kifupi mno. Mama Achieng' alianza kulia na kucheka kwa pamoja. Chacha alijizuia, akashindwa. Nami nikashindwa. Tulicheka watu wazima watatu nyuma ya jikoni hadi ng'ombe akageuka kututazama.

Chacha alikwenda mjini akanunua fimbo mpya, ndefu. Tuliipigilia kwa zamu kwa nyundo. Alifunga waya mpya, akaweka swichi ya kukata umeme ukivuja, akatengeneza friji. Kisha akaniita ndani. "Shika, Mwalimu."

Nikashika kava ya kompyuta. Chuma tu. Baridi.

Mama Achieng' alishika friji kwa mikono miwili na kukaa hivyo kwa muda.

Ijumaa, 23 Mei

Nimeandika upya. Nimeanza asubuhi ili nimalize kabla ya Sabato. Ilikuwa ngumu kuanza, kwa sababu sentensi ya kwanza ni "Nilikosea." Nimeifuta mara tatu. Mwishowe nimeiacha.

Nimesema kifaa ni kizuri, kimya, imara. Nimeeleza kuhusu athi kwa Kiswahili ambacho hata mtu asiyewahi kufungua kompyuta atakielewa. Nimeeleza kuhusu friji, hata ng'ombe na fimbo yake. Nimewaambia wasomaji wakiumwa na kava wasilaumu kifaa kwanza, waite fundi kwanza, na wamsikilize mke akisema kitu kinauma. Nimemtaja Chacha kuwa mkwe wangu na fundi wangu. Hatukukubaliana hilo, nimeandika tu.

Nyota tano. Nimeomba ile ya kwanza ifutwe, na nikamwomba Bi. Njeri radhi kwa jinsi nilivyomjibu. Ile barua ya kujitoa nimeichana.

Kama wataniondoa, wana haki. Mtu aliyetoa nyota moja kwa sababu ya nyumba yake mwenyewe. Nina wasiwasi. Natamani sana kubaki.

Jumatano, 28 Mei

Nimebaki!

Bi. Njeri amepiga mwenyewe. Tathmini imechapishwa na wameiweka juu kabisa, chini ya picha ya kifaa. Watu wananiuliza maswali. Mmoja wa Awendo ameandika kwamba mashine yake humuuma tangu aihamishie nyumba mpya, alidhani ni mikosi. Mwanamke wa Muhuru Bay anauliza kuhusu friza yake ya samaki. Nimewajibu wote. Nimejibu tangu asubuhi, mgongo unauma, na sijafurahi hivi tangu siku ile Achieng' alipofaulu mtihani.

Kifurushi kijacho ni cha mwezi ujao. Hawasemi ni nini. Afadhali hivyo. Nitapata cha kuota.

Bi. Njeri alicheka kidogo mwishoni, akaniuliza hali ya ng'ombe.

Jumapili, 1 Juni

Mvua tangu alfajiri. Mama Achieng' yuko jikoni, nasikia mlango wa friji ukifunguliwa na kufungwa. Mashine imewaka mbele yangu na haitoi sauti.

Chacha amepiga simu. Kwa kawaida hupitia kwa Achieng', ndiye hunipa salamu zake. Leo amepiga mwenyewe. Nilidhani kuna tatizo, nikauliza. Akasema hapana, hakuna tatizo. Tuliongea. Aliniambia kuhusu jengo analoliwekea nyaya kule Homa Bay, orofa tatu, na mwenye jengo anayetaka kubana kila kitu. Nilimuuliza maswali, akajibu. Mvua hatukuitaja.

Mama Achieng' alikuja kuniuliza naongea na nani muda wote huo.