Umebaki Ndani ya Mpaka

Mama,

Shikamoo. Najua huko uliko huitikii, ila wewe hukuwahi kunisikiliza neno lolote kabla ya shikamoo. Hata siku ile nilipokuja mbio kukwambia mbuzi wameingia kwenye mtama, ulinirudisha mlangoni nianze upya. Mbuzi wakaendelea kula.

Nimekaa kizingitini, jua ni la saa nane, na Rehema kanilalia mgongoni. Huyo humjui. Ulikuwa unaniwekea mkono tumboni ukisema huyu ni mwanamke, anapiga teke kama anayedai chake. Kweli ni mwanamke. Ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Baba yake bado yuko machimboni, anapiga simu akipata mtandao.

Nilitaka nianze na habari njema. Nimetafuta, sikuipata. Mvua imechelewa tena, na ilipokuja ikanyesha kwa hasira kisha ikakata. Alizeti imetoa vichwa vidogo, vimekauka kabla ya kujaa. Kisima cha bondeni ni tope. Uwele ndio umetusitiri.

Habari yenyewe ni hii, Mama. Hatukai tena nyumbani. Tumehamishwa. Umebaki peke yako.

Unaukumbuka ule mkutano wa kijiji, walipokuja na magari yale meupe. Yule mtaalamu alieleza vizuri, sisemi uongo. Alisema moshi wa viwanda vya nchi za mbali ndio umeharibu mvua yetu, na miti yetu inauvuta, kwa hiyo tukiutunza msitu, wenye viwanda watatulipa. Mzee Gwau akauliza huo moshi umefikaje Singida bila nauli. Watu tulicheka. Na muda wote huo wa kuelezwa habari za moshi, dereva hakuzima gari, maana ndani kulikuwa na kiyoyozi.

Mwenyekiti aliposema wanaokubali wanyooshe mikono, watu walitazamana. Wewe ndiye ulinyoosha wa kwanza. Wengine wakafuata kwa sababu ni wewe. Uliniambia tukiwa njiani, "Msitu ukiisha na sisi tumeisha." Sikulaumu. Hapana, ngoja niseme kweli, nakulaumu kidogo. Nikiwa nimechoka nakulaumu sana.

Kisha wakaja wale vijana wa kupima mpaka. Ukawachinjia jogoo mwekundu, ukawasongea ugali, ukawapa na mlenda, wakasifia mlenda. Wakapumzika uani kwako. Na kile kigingi cha zege chenye rangi nyekundu wakakisimika mbele ya nyumba, kati yetu na barabara. Mbele, Mama. Walituambia msitu utaanzia kule nyuma kwenye miti mikubwa. Sisi hatukujua kusoma vigingi. Ukadhani ni alama ya barabara, ukafurahi, ukakifanya cha kufungia mbuzi. Mbuzi wako ndiye aliyekuwa anakaa mpakani. Nyumba, jiko, na wewe mwenyewe, wote mlikuwa ndani.

Kifua kikakuzidi, ukatuacha, tukakuzika nyuma ya jiko ulivyotaka. Mchungaji alisema umepumzika nyumbani. Miezi haikwenda mingi wakaja kutuambia pale si nyumbani, ni hifadhi. Kaka Yona akauliza ilikuwa hifadhi tangu lini. Wakamjibu tangu mkutano mkuu wa kijiji uliporidhia.

Basi tuko huku kwenye viwanja vipya kando ya lami. Hakuna kivuli hata cha kuku. Siku ya kuhama tulipewa kila kaya mtungi wa gesi, wakatupiga picha tumeukumbatia. Gesi iliisha. Rehema anaupiga mtungi kwa kijiko, ndiyo ngoma yake. Kuni haturuhusiwi kuokota hata zilizoanguka zenyewe. Ila malori ya magogo yanapita hapa mbele yetu mchana kweupe, na ukiuliza unaambiwa yale yana kibali. Mheshimiwa alikuja kupanda mti hapo shuleni. Mti wenyewe umekauka, kibao chenye jina lake bado kizima.

Nimefika kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mwaka wako ulipotimia nilichukua jembe, nikambeba Rehema, nikaja kukupalilia kama desturi yetu ilivyo. Nilitaka nikuonyeshe na mjukuu. Msalaba mchwa wameula mguu, umeinama. Vichaka vimeanza kuota, kimoja kifuani kwako kabisa. Nikainua jembe, nikasikia naitwa.

Alikuwa Danieli wa kwa mama Eliza, sasa ni askari wa msitu. Si yule tena uliyekuwa unamtoa funza. Ana buti. Akanisalimia vizuri, akasema, "Dada Raheli, usikate kitu humu. Ni kosa." Nikamwambia hili ni kaburi la mama. Akasema analijua, alikuwepo mazikoni, alibeba mchanga. Ila kila kinachoota ndani ya mpaka kinahesabiwa, hata hicho kichaka. Ndicho kinachouzwa kwa wale wenye viwanda.

Mama, hukuwahi kuajiriwa maisha yako yote. Sasa umeajiriwa. Unaotesha kichaka, na mtu usiyemjua huko anakilipia ili aendelee kutoa moshi wake. Nilicheka mpaka Danieli akaogopa. Kisha nikalia, naye akageuka akatazama pembeni, nadhani alikuwa analia pia. Jembe lakini alilichukua.

Baada ya hapo mwenyekiti akatuita. Wana mpango kwa makaburi yaliyobaki ndani: wanayafukua kwa heshima, wanatoa jeneza jipya na gari, wanawazika upya kwenye makaburi ya kijiji karibu na barabara. Familia nyingine zimekubali. Sharti ni moja tu, watoto wote wa marehemu wakubali. Akishakataa mmoja, kaburi haliguswi.

Tulikaa ndugu. Mjomba Elia alishakubali moyoni kabla hajakaa. Akasema, "Dada yangu hakuwahi kupanda gari zuri akiwa hai. Mwacheni apande sasa." Watu wakacheka, na mimi nilicheka, maana ni kweli. Kaka Yona akasema angalau utakuwa karibu, tutakupalilia bila kuomba ruhusa, tutakujengea hata kwa saruji. Yote aliyosema ni ya maana, Mama. Na mimi nataka uwe karibu. Sijui hata nitasimulia vipi ninavyotaka. Mtoto akilia usiku na maziwa hayatoki, natamani nitembee kidogo tu nikae pembeni yako.

Wakanigeukia wote. Nikasema sikubali.

Yona akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia, "Nyumba wamebomoa. Jiko wamebomoa. Mama akitoka pale, nani atajua tulikaa?" Akasema wewe, Mama, si kigingi. Akanyanyuka, na mpaka leo hatusemeshani. Akipita hapa anamsalimia Rehema tu.

Labda Yona ana haki. Nakunyima kaburi safi kwa ajili ya ugomvi ambao hata siujui vizuri umeanzia wapi, huku au kwenye hivyo viwanda. Mtu wa darasa la saba nitabishana na nani. Lakini najua hili: wakikutoa, siku Rehema akiwa mkubwa akauliza kwao ni wapi, wataonyesha msitu na kusema haujawahi kuwa na watu. Na itakuwa ndiyo kweli, kwa sababu hata wafu tutakuwa tumewaondoa wenyewe, kwa gari zuri.

Kwa hiyo nakuomba ukae. Ni ombi zito kumwomba mtu aliyechoka. Vichaka vitakufunika, na msalaba utaanguka, na sitaweza kuusimamisha maana kuchimba ni kosa. Nitakuja hivyo hivyo. Wanasema nikiomba kibali nitaruhusiwa kuingia bila jembe. Nitaomba kila mara, wanichoke. Wakininyima, nitaingia bila kibali, na wanishike mbele ya mtoto.

Nakuahidi Rehema atapajua kwa miguu yake. Nitamkalisha pale chini, nimwambie kwenu ni hapa, bibi yako amekataa kuondoka.

Kaa vizuri huko, Mama. Usitoke.

Mwanao,
Raheli