Kadi ya Golikipa

Malambo, Bariadi

Kaka yangu Joakim,

Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, wewe na wifi na watoto. Huku hatujambo. Mguu wa Mama umepungua kuuma, sasa anatembea mwenyewe hadi kanisani. Pamba imekubali mwaka huu, ingawa mvua za mwisho zimetuharibia kidogo.

Ulipokuja wakati wa mavuno ulilikuta kundi letu barazani kwangu, ukacheka kuona watu wazima wakibadilishana kadi za wachezaji wa mpira, zile zinazotoka kwenye pakiti za bablishi. Kaka, nilipohamia mtaa huu sikumjua mtu. Kadi ndizo zilizoniletea Gloria, rafiki niliyemwachia hata ufunguo wa nyumba. Ndizo zilizomtoa ndani Mzee Mahona, ambaye tangu afiwe na mkewe alikuwa haongei na mtu.

Albamu tuliijaza wote. Ilibaki kadi ya golikipa tu, mpaka Mzee akaipata Maswa kwa kutoa kadi zake zote za ziada. Siku hiyo tulipika wali tukala pamoja. Ndiyo maana uliponiomba nikupe kadi ile nilikukatalia. Nilikueleza kwamba si yangu peke yangu.

Ulipokwisha kuondoka, Mzee aliazima albamu akae nayo kwake. Iliporudi, niliigusa kadi ya golikipa kwa kidole chenye maji, rangi ikanishika mkononi. Ilikuwa kopi. Hakuna aliyemwita Mzee mwizi, ila Mboje, mwenzetu wa kundini, alisema mbele yake kwamba tangu sasa albamu isitoke kwangu. Mzee alituaga vizuri, akaenda zake. Jumapili iliyofuata hakuja, wala nyingine.

Juzi Gloria alikuja akilia. Alisema alifungua nyumba yangu kwa ule ufunguo, akaitoa kadi, akaweka kopi aliyotoa steshenari. Alisema ni wewe uliyemtuma, ukamwambia nimekubali ila naona aibu kuwaeleza wenzangu. Aliposikia Mzee anashukiwa alikupigia simu, ukamwambia anyamaze, mzee atasahau.

Gloria ameniliza, lakini yeye alidanganywa kwanza. Wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Tulikwenda kwa Mzee tukapiga magoti. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatusamehe, akatuambia tuinuke. Kisha akauliza jambo moja tu: siku ile alipokualika kwake akakuchinjia kuku, ulikuwa umeshaichukua kadi au bado? Mimi sikujua. Gloria akajibu kwamba ilikuwa tayari mfukoni mwako. Mzee akaitikia kwa kichwa, akatuletea maji ya kunywa.

Usiitume kadi kwa basi. Njoo nayo mwenyewe, umpe Mzee mkononi.

Wasalimie wifi na watoto. Mama naye anakusalimu sana. Sijamwambia kitu, na kila jioni katika sala anaanza na jina lako.

Mdogo wako,
Milembe