Kuharibika kwa Kipande cha Ini la Mzee Erasmo

KAMATI YA AFYA, KITUO CHA AFYA MVUMBE, SAME
Kikao cha dharura, Jumanne 13 Mei 2025, saa 4:10 asubuhi, chumba cha chanjo

Waliohudhuria: Ndg. Abednego Mrutu (Mwenyekiti), Dkt. Salehe (mtafiti), Muuguzi Priska Mbwambo, Bi. Rogathe Mmbaga (binti wa mgonjwa), Katibu.
Asiyehudhuria: Mzee Erasmo Mmbaga, mjumbe. Ni mgonjwa.

KUMB. NA. 1/2025: MAELEZO YA MTAFITI
Dkt. Salehe alieleza kwamba RNA ni nakala ya maelekezo ya seli. Katika saratani ya ini, baadhi ya herufi za nakala hubadilishwa baada ya kunakiliwa, ingawa maelekezo ya asili hubaki yalivyo. Kipande cha ini la Mzee Erasmo kilitakiwa kuonyesha herufi zipi zimebadilishwa, ili ijulikane kama anafaa kuingizwa kwenye majaribio ya dawa. Bila kugandishwa, RNA huharibika upesi. Maabara haikupata kitu cha kusoma.

KUMB. NA. 2/2025: CHANZO
Muuguzi Priska alieleza kwamba matope yalizuia gari la maabara siku mbili. Alikuta kichupa chenye kipande hicho kwenye sehemu ya kugandishia barafu ya jokofu, akakishusha rafu ya chanjo, isiyogandisha. Alisema: "Miaka kumi na tisa nafundishwa chanjo ikiganda ni ya kutupa. Nilidhani nakiokoa."

Bi. Rogathe aliuliza kama baba yake anaweza kuchomwa sindano tena ili kitolewe kipande kingine. Dkt. Salehe alijibu kwamba hawezi. Ini limezidi kudhoofika, na damu ikianza kutoka sasa haitakatika.

Bi. Rogathe alisema: "Dada Priska, baba bado anakushukuru kwa kumshika mkono sindano ilipoingia. Nikamwambie nini?"

Katibu alikiri kwamba maelekezo ya kugandisha yalitumwa kwenye simu yake, na kwamba alimwona Muuguzi akishusha kichupa. Aliogopa kumsahihisha mkubwa wake. Mwenyekiti alisema: "Shule yote ile, kijana, ukanyamaza?"

KUMB. NA. 3/2025: TAARIFA KWA WILAYA
Mwenyekiti aliagiza iandikwe kwamba sampuli iliharibika kwa sababu ya barabara. Bi. Rogathe alisema: "Andikeni. Barabara haitakuja nyumbani kuomba radhi." Aliombwa akae. Hakukaa.

Katibu aliandika "barabara" kwenye nakala ya wilaya. Hii ni ya asili.

Kikao kilikwisha saa 5:25, Bi. Rogathe akiwa ameshatoka kwenda kumwambia baba yake.

Mwenyekiti: (amesaini nakala ya wilaya tu)
Katibu: Elibariki Msuya