Swichi ya Mashine ya Ndege

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nataraji barua hii itakukuta mzima, shemeji kifua chake kimetulia, na wapwa zangu wanakula vizuri na kukusumbua vya kutosha. Huku hatujambo. Baba goti linamsumbua, ila mdomo wake ni mzima kabisa.

Bila shaka unaikumbuka ile mashine ya mchezo wa kutungua ndege za kivita pale karakanani kwa Baba, ambayo wateja waliichezea kwa sarafu wakisubiri redio zao. Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja wa makumbusho, akaizunguka mara tatu, akapiga magoti kusoma kibao cha nyuma. Alisema za aina hiyo zilitengenezwa chache, na inayowaka hadi leo hajapata kuiona. Loo, Baba alivyovimba kichwa! Wakakubaliana iende makumbusho, na pembeni liandikwe jina la aliyepata pointi nyingi kuliko wote. Baba akataja jina langu papo hapo.

Hujasahau Baba alivyotupambanisha: atakayeshinda kwenye mashine afundishwe ufundi, mwingine aende kwa shangazi kushona. Ulianza wewe. Ulitungua ndege mpaka wateja wakasahau redio zao. Kisha nikacheza mimi, ambaye hata kubadilisha fyuzi nilikuwa siwezi, nikakupita kwa mbali. Ukaenda kwa shangazi.

Dada, sikukushinda. Ndani ya mashine ile mna swichi ndogo za kupanga ugumu wa mchezo. Ulipotoka kunawa uso, nilifungua mlango wa nyuma nikashusha moja. Ndege zikanijia polepole kama bata. Nilikuibia ufundi wako, nawe ukanipa mkono wa pongezi! Miaka kumi na tisa nakula jasho lisilo langu. Naona aibu sana. Unisamehe au usinisamehe, lakini ujue.

Jana nilimwambia Baba. Akaniita mshenzi, akaagiza jina lako ndilo liandikwe, na akaniamuru nikueleze kwamba hujachelewa: meza ya dirishani, yenye mwanga mzuri, ni yako siku yoyote utakayokuja, na atakufundisha mwenyewe. Nimeshaondoa vifaa vyangu nikaifuta.

Msalimie shemeji. Wapwa waambie ukweli wote kuhusu mjomba wao, usinifichie.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea.