Nusu gunia haiko kwa kompyuta

Alhamisi jioni, Julai 2006

Kitabu yangu haitakikani tena. Ripoti ya serikali sasa inatengenezwa na kompyuta.

Zamani kila gunia ya unga ya njano nikimwaga kwa mashine ya rangi, napiga mstari kwa kitabu. Hiyo unga iko na ledi, na ledi ni sumu. Sasa kompyuta inasoma resipe ya kuchanganya rangi na inajaza yenyewe fomu ya serikali ya hiyo ledi.

Resipe inasema gunia nne. Lakini rangi ikitoka hafifu, sisi huongeza nusu. Kila shifti hufanya hivyo. Kompyuta haijui.

Leo nimemwambia Mwende wa ofisi. Akacheka. "Mzee Kyalo, sasa unaonea kompyuta wivu?"

Nikamwambia akuje ahesabu gunia tupu kando ya mashine. Akahesabu, akaona zimezidi zile za kompyuta, akaacha kucheka. Akasema niambie supavaisa. Na supavaisa ndiye huniambia niongeze.

Nikifutwa, na hii miaka yangu, nani ataniandika?

Marehemu mama watoto alikuwa anafua ovaroli yangu kwa karai, maji inageuka njano mpaka kwa kucha zake. Akiuliza ni nini, namwambia ni rangi tu. Wakati huo sikuwa najua.

Rangi ya leo inaenda kupaka madawati ya shule ya nasari.

Siwezi kukaa kimya. Nimetoa kitabu, nimeandika: nne na nusu. Kesho naiweka kwa meza ya Mwende, imefunguliwa hapo kwa ukurasa ya leo.